Nukta Tatu Juu ya Fe

Kibokoni, Mji wa Kale
Ijumaa, mwezi 5 Shaabani. Zakiya asema kwenu ni 16 Februari 2024.

Hussam, mume wangu mtoro,

Mwaka na miezi minne! Mtu akenda Hija hurudi. Mtu akifungwa jela hutoka. Wewe huko Nanyuki wafanya nini kisichokwisha? Mimi niliyekupaka wanja kwa kidole hiki, una siku saba duniani, leo waniacha kama mjane wa mtu aliye hai. Haya huna. Wa alaykum salaam, kama ulikuwa na nia ya kuniamkia.

Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto ndilo lenye maneno. Maji ya mfereji hayajaja siku kumi na moja, twanunua ya mkokoteni, na hayo nayo yana ladha ya mkokoteni. Dada yako Zakiya ni mzima yeye na domo lake. Bi Mwanakuu wa nyumba ya pili ametutoka, Mungu amrehemu, alikuwa na deni langu la sinia lakini nimemsamehe.

Utasema, kwa nini Bibi aniandikia karatasi na simu ipo? Mara ya mwisho nilikutumia sauti, Zakiya akaikosesha njia ikaingia kwenye lile kundi la ukoo, watu arubaini wakanisikia nikimsema mke wa mjomba wako. Basi. Skuli sikwenda hata siku moja, lakini chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilikwenda, na hizi herufi za Kiarabu nilizozipata huko zanitosha kwa Kiswahili changu. Huko kwenye hangari lenu hakuna atakayezisoma ila wewe. Barua naipeleka Mwembe Tayari, nampa Baya dereva wa basi, ampe mwenziwe Nairobi. Itafika itakapofika.

Sasa sikiza. Matangani kwa Mwanakuu alikuwako mke wa Taib, yule aliyemwajiri babako. Alikaa na bangili zake, akasema mumewe amepeleka ndege Nanyuki, ati injini yakosa nguvu, na mafundi wa Mombasa wameshindwa. Nilikuwa na kikombe cha kahawa mkononi, nikakiweka chini nisije nikamrushia.

Nanyuki ina mafundi wangapi wa ndege, Hussam? Nijibu kwa neno moja. Ni ile ile iliyomwangusha babako? Iko mikononi mwako?

Bibi yako, Alawiya


Nanyuki, 4 Machi 2024

Bibi yangu,

Assalaam alaykum. Nabusu mkono wako na kipaji cha uso. Natumai goti limepoa. Mwambie Zakiya akukande kwa mafuta ya nazi yenye karafuu. Nisamehe kwa kukawia kuja. Mimi ni mzima. Hapa asubuhi ni baridi mpaka spana zauma mkononi. Tajiri wangu, Wanza, bado ni yule yule, mama mkali mwenye mkono wa dhahabu kwa injini. Akuamkia. Yuasema Ramadhani atanipa ruhusa nitoke mapema.

Ndiyo, Bibi.

Imepakwa rangi mpya na herufi za ubavuni zimeandikwa upya, lakini ni ile. Nimeijua kwa kiti cha rubani. Baba alikishona mwenyewe kilipopasuka, kwa uzi wako mweusi wa kofia. Uzi bado uko.

Tangu ile siku ilipoanguka na Baba kwenye shamba la mkonge, Taib aliitengeneza pole pole, akaifunika turubai miaka mitatu, mwaka jana akaanza kuirusha mwenyewe. Sasa yamsumbua. Chini yanguruma vizuri kabisa. Ikiruka na kupanda kama dakika kumi, nguvu zashuka, kama mtu aliyebanwa pumzi. Ukipunguza moto, yarudi. Ukitua na kuipima, haina kitu.

Injini ile, Bibi, yataka vitu vitatu: mafuta, hewa na cheche. Nimekinga mafuta kwenye chupa, hayana maji. Chujio safi. Plagi zote nane nimezitoa nikazitazama, kavu na rangi nzuri. Mashine mbili za kutoa cheche, zote mbili zafanya kazi. Chujio la hewa jipya. Kabureta huweza kuganda barafu ndani yake mawinguni hata kukiwa na jua, basi nimeifungua, nimeisafisha, nimeruka na rubani wa hapa kuipima. Dakika ya tisa ikakata vile vile. Sijaona bado.

Taib alikuja mara moja. Aliniita "fundi". Hakunijua, mara ya mwisho kuniona nilikuwa sina ndevu.

Sikukuambia mapema kwa sababu kazi imekuwa nyingi.

Mjukuu wako, Hussam


Kibokoni
Jumatano, mwezi 9 Ramadhani, 20 Machi

Hussam,

Ramadhani karim. Tumefungua kwa tende na uji wa pilipili manga, Zakiya ameunguza sambusa, sisemi zaidi. Goti limepoa. Karafuu nilimfundisha mama yako, yeye akakufundisha wewe, na leo wanirudishia kama dawa mpya.

"Kazi imekuwa nyingi." Mwongo we! Ulininyamazia kwa sababu wanijua.

Na mimi nakukumbusha, kwa sababu ulikuwa skuli ya mbali wakati ule na hukuyaona. Babako Sheikhan alikula hapa jikoni kwangu siku tatu kabla ya ile ndege kuanguka. Samaki wa kupaka, hakumaliza. Akasema, "Mama, nimemwambia Taib mara tatu ile injini yanikatikia juu. Aniambia naogopa." Nikamwambia mwanangu, basi usende. Akasema watu wawili washalipa safari. Akenda. Ikamkatikia juu ya mkonge, akaishusha na wale wawili wakatoka bila ya kuchubuka, yeye akavunjika nyonga.

Na Taib akafanya nini? Alikaa kwenye baraza yake baada ya alasiri, mbele ya wanaume wote wa mtaa, kikombe cha kahawa mkononi, akasema, "Sheikhan alisahau kufungua mafuta." Basi! Neno moja. Mpaka watoto wakamwita Sheikhan Mafuta. Mwanangu, aliyerusha ndege miaka kumi na tisa, akawa akenda kuswali msikiti wa mbali kwa mkongojo, asipite mbele ya baraza ile. Leseni ikaenda, chakula kikaenda, kisha yeye mwenyewe. Daktari aliandika moyo. Mimi najua ni baraza.

Sasa hiyo injini yako. Nimesoma barua yako mara mbili. Mafuta, hewa, cheche, mafuta, hewa, cheche. Nyote mwatazama kinachoingia mdomoni! Hakuna hata mmoja aliyeuliza huko nyuma kwatoka nini? Mtu akifunga choo siku nne, mpe pilau, mpe maji ya waridi, mpepee, atakimbia? Nilikulea, Hussam, nakujua ulipokuwa na miaka miwili na ile kunde iliyokuziba choo. Tazama nyuma.

Na ukishaona, Taib atakuja kuichukua ndege yake. Usimwache aondoke hivi hivi. Mwenyezi Mungu hakumleta mpaka mikononi mwako kwa bure. Neno langu kwako ni hili moja:

مْڤُنْدِ

Bibi yako


Nanyuki, 29 Aprili 2024

Bibi yangu,

Assalaam alaykum, na Idd iliyopita iwe ya baraka. Barua yako ilikwama Nairobi na mvua, barabara zilijaa maji. Nimepata na zile kashata. Wanza amekula nyingi kuliko mimi. Nilipomsomea habari ya choo alicheka mpaka akakaa juu ya tairi, kisha akasimama ghafla, akasema, "Bibi yako yuko sawa. Toa sailensa."

Sailensa ndiyo lile kopo la chuma ambamo moshi wapita kutoka kwenye injini kabla ya kutoka nje. Ndani yake mna vibati vya kupunguza kelele. Nililitoa, nikalitikisa. Likalia kama njuga. Vibati vimekatika vyote, vyaelea humo ndani. Ndege ikiwa chini vyalala pembeni. Ikinyanyua pua na kupata moto, vyasukumwa na kuziba tundu, moshi hauna pa kutokea, na injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Ndipo yakata. Ukipunguza, vyaanguka, tundu lafunguka. Ukitua, huoni kitu.

Na sasa nisikilize vizuri. Baada ya ajali injini ilibadilishwa. Sailensa haikubadilishwa. Fundi aliyeitengeneza alifunga hii hii ya zamani. Namba yake imo kwenye daftari la ndege tangu wakati wa Baba.

Baba alikuwa amefungua mafuta, Bibi.

Neno lako la mwisho nimelisoma "mfunde", na nimefanya kama ulivyoagiza. Taib alipokuja nilimvalisha glavu, nikampa lile kopo, nikamwambia alitikise. Alilitikisa. Nikamwambia atie jicho kwenye tundu. Akatia. Nikamfundisha tangu mwanzo mpaka mwisho, kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, kwa nini yakata na kwa nini haionekani. Wanza alisimama pembeni mikono kifuani. Kisha nikamwambia, "Mimi ni Hussam, mwana wa Sheikhan."

Glavu moja ilimwanguka. Hakuiokota. Akasema, "Babako aliniambia. Mara tatu." Halafu akasema, "Lakini maneno haya yaishe hapa hapa, mwanangu. Nina binti wa kuozwa."

Nikafunga sailensa mpya, nikatia sahihi, akaruka akaenda zake. Injini haikukata.

Mjukuu wako, Hussam


Kibokoni
Jumamosi, mwezi 9 Mfunguo Pili, 18 Mei

Ewe Hussam,

Salamu za ukoo utapewa na Zakiya, mimi sina nafasi.

Umemfunda! Nani alikuomba umfunde? Nimezaa watoto sita nikawafunda wote, kufunda nakujua, ningetaka afundwe ningemwita mwalimu. Fe ya Mwarabu ina nukta moja. Mimi nilitia tatu. Tatu, Hussam! Niliigandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Bara wasema kuvunja, sisi twasema kuvunda, na wewe ni mtoto wa Kibokoni, hukuzaliwa kwenye theluji. Ilikuwa ve. MVUNDE. Hilo ndilo nililoliandika, nikiwa na saumu, na sijalijutia.

Wala usiniulize nilitaka umvunde nini. Mkono, mguu, jina, sijui. Mkono wangu uliandika na mimi niliuacha uandike.

Wajua Taib yuafanya nini sasa? Ametia rangi mlango wake. Kila alasiri yuko barazani, kanzu imepigwa pasi, awasimulia watu jinsi ndege yake ilivyopona. "Kidude kidogo tu," asema. Mzee mmoja akamuuliza mbele ya Zakiya, "Je, ndicho kilichomwangusha Sheikhan?" Akajibu, "Ah, Sheikhan ni habari nyingine, Mungu amrehemu." Amrehemu! Kwa mdomo ule ule!

Maneno yaishe hapa hapa, akuambia. Barazani hakuyamaliza, yalimpeleka mwanangu kaburini. Hangarini ndiyo yaishe?

Sawa. Umemwacha akatoka mkononi mwako. Sasa ni zamu yangu, na mimi sina nyonga ya kuvunjika wala leseni ya kunyang'anywa. Hicho kikopo cha zamani kiko wapi? Kama mmekitupa, kaokote. Nakitaka hapa.

Alawiya binti Abdullah


Nanyuki, 3 Juni 2024

Bibi,

Assalaam alaykum. Najua umekasirika, umeandika jina lako na la babako.

Sailensa ninayo. Kawaida kifaa kibovu hurudishiwa mwenyewe, lakini Taib alisema kitupwe, na Wanza ni shahidi, basi hakina mwenyewe. Nimekifunga kwa gunia na kamba, Baya atakiteremsha Mwembe Tayari Alhamisi. Usikinyanyue mwenyewe. Ndani nimetia nakala ya ukurasa wa daftari letu la kazi: tarehe, namba, na neno "kifaa cha zamani, kabla ya ajali". Chini Wanza ametia sahihi na muhuri. Hakuna uongo hapo wala tusi.

Nina neno la kukuambia nalo si jepesi.

Niliziona zile nukta. Zote tatu. Na tundu la kalamu nililiona, nikiinyanyua karatasi juani lapitisha mwangaza.

Nilitembea na barua yako siku nne ndani ya mfuko wa ovaroli. Siku ya nne Wanza alikuwa amekwenda mjini. Sailensa mbili zilikuwa juu ya meza, mpya na ya zamani. Sikuhitaji kuvunda kitu, Bibi. Ilitosha niirudishe ya zamani, nikaze boliti nne, nitie sahihi. Mlima huu ungefanya yaliyosalia. Niliishika ya zamani. Niliipandisha mpaka mahali pake, nikatia boliti ya kwanza, na nikaizungusha kwa vidole. Wallahi nilifanya hivyo.

Kisha nikatazama ndani ya ndege, nikaona ule uzi mweusi. Na nikahesabu viti. Viti vinne, na cha Taib ni kimoja tu. Baba alipoishusha kwenye mkonge alikuwa na watu wawili nyuma yake, na aliwatoa wazima.

Nikaitoa boliti. Nikaamua kwamba ni fe.

Ukitaka kunilaani nilaani, lakini usinitumie tena neno kama lile na mimi nina spana mkononi. Siku nyingine huenda nisihesabu viti.

Hussam wako


Kibokoni
Jumamosi, mwezi 13 Mfunguo Nne, 20 Julai

Hussam, mume wangu,

Salaam alaykum nyingi, na nakubusu macho yote mawili. Kwanza habari za nyumba. Maji yamerudi, yatoka usiku kama mwizi. Zakiya amepata kazi kwenye duka la dawa, sasa kila ninachokula ana jina lake la Kizungu. Goti silitaji.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, sikula siku ile. Nakuambia hivi tu, na sirudii: ulisoma vizuri. Mimi ndiye niliyeandika vibaya. Lile tundu kwenye karatasi nililitoboa mimi, na kidogo tu ungeingia humo.

Lakini usidhani nimepoa!

Kikopo kilifika. Zakiya akakisugua kwa mchanga na ndimu. Baada ya alasiri nikavaa buibui langu la kutokea, nikakitia ndani ya kikapu, nikenda kwa Taib. Nikakaa kwenye baraza, mimi mwanamke, katikati ya wanaume. Wakapigwa na bumbuwazi. Mmoja akasema, "Bi Alawiya, karibu, wamtafuta mtu?" Nikasema, "Nimekuja kupunga upepo. Ongeeni." Taib akafungua mdomo kusema. Nikatikisa kikapu. Kwachakwacha! Akanyamaza. Akafungua tena. Kwachakwacha! Watu wauliza, "Ni nini hicho, Bi Alawiya?" Nawajibu, "Muulizeni Taib, yeye ni rubani."

Nikenda kesho. Nikenda kesho kutwa. Siku nane, Hussam! Muuza kahawa akawa aniletea kikombe changu bila kuuliza. Watu wakazidi, wengine walitoka mpaka Feri kuja kusikiliza kikopo. Taib akajaribu kuingia ndani, nikakitikisa chini ya dirisha lake. Alikuja mpaka nyumbani, yuasema na Zakiya mlangoni, ati yuko tayari kunilipia maji mwaka mzima. Nilikuwa juu, nikakitikisa kutoka juu.

Binti yake, Hadeel, kila siku alinitolea mto wa kukalia. Hakujua neno, maskini, alidhani nimepungukiwa akili. "Kalia, Bibi, jiwe ni baridi." Mtoto mzuri. Ndiyo maana ndani ya nyumba ile sikuingia.

Siku ya tisa ilikuwa siku ya posa. Nilijua, na ndiyo niliyoingoja, sitakudanganya. Watu wa mume wakaja, wazee saba, kanzu na vilemba, na udi wafuka mlangoni. Nikatoka kwenye kichochoro na kikapu changu. Taib akaniona. Akawatazama wale wazee, akatazama kikapu. Mimi nilikuwa bado sijatikisa, nakuapia, nimeshika mpini tu. Akawaambia wageni, "Nisubirini kidogo." Akasimama juu ya baraza yake mwenyewe, mtaa mzima wamtazama, akasema kwa sauti iliyopasuka, "Jamaani. Sheikhan alifungua mafuta. Injini ilikuwa mbovu, aliniambia mara tatu, na mimi nilijua. Nilimsingizia."

Mzee wa bwana harusi akamtazama sana. Kisha akasema, "Haya, tuingie, tumekuja kwa binti." Posa ikapita. Nilifurahi kwa Hadeel. Kwa Taib sikufurahi wala sikuhuzunika, nikashika njia na kikapu changu.

Alinifuata mpaka kichochoroni. Akainama, akataka kushika mkono wangu aubusu. Nikaurudisha ndani ya buibui. Akasema, "Nisamehe, Bi Alawiya." Nikamwambia, "Mimi si mwenye haki. Mwenye haki yuko Kikowani chini ya udongo. Nenda kamwombe. Akikujibu, njoo unieleze amesemaje." Nikamwacha pale pale amesimama, na udi wake ukinuka.

Sasa watu waniambia nisamehe, imamu amenitumia mkewe, hata Zakiya. Labda iko siku. Si mwaka huu.

Wewe utakuja Maulidi, na hilo siombi. Shuka Mwembe Tayari mchana kweupe, si alfajiri kama mwizi wa kuku. Usipande tuktuk. Tembea, vaa kanzu nyeupe ya babako, nimeitoa mikunjo. Usikate njia ya nyuma kama alivyokata yeye. Pita mbele ya baraza ya Taib baada ya alasiri, wakiwa wamejaa wote. Najua anayepita ndiye huwaamkia waliokaa, sikukulea bila adabu. Siku hiyo usiamkie. Simama katikati ya njia, mikono nyuma, unyamaze, hata wakipita watu mia na mikokoteni. Simama mpaka Taib anyanyuke, aanze yeye, akuite kwa jina lako na la babako, kwa sauti ya kusikika mpaka dirishani kwangu.

Halafu uitikie salamu, mume wangu, na uje ule.